HOFU YA MITA MOJA: Jinsi Tiba ya Nafsi Inavyomsaidia Mcheza Gofu, na Funzo Lake Kwetu Wanafunzi

Najua wengi wenu mkikisoma kichwa cha makala haya mtacheka na kuuliza, "Huyu naye, mtoto wa mchuma majani chai kutoka Nyamira, gofu ameijulia wapi?" Swali ni la haki. Uwanja wetu wa kandanda wenyewe hauna nyasi za kutosha, sembuse gofu! Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na mimi hata kabla ya kuishi kwingi nimeona jambo linalotuhusu sote tunaosimama mbele ya watu tukatetemeka.

Acha nianze na aibu yangu mwenyewe, maana mficha maradhi kilio kitamfichua. Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, nilichaguliwa kughani shairi peke yangu katika tamasha la muziki, ngazi ya chini kabisa. Shairi lile nililijua kama jina langu. Nililighani nikichuma chai, nililighani njiani nikija shule, kilomita 5 kuja na 5 kurudi, hata mbwa wa njiani wakanizoea wakaacha kunibwekea. Siku ilipowadia nikapanda jukwaani, nikaona macho ya watu. Jamani! Ubeti wa kwanza ulitoka. Wa pili ukaja nusu. Wa tatu ukapotea kama moshi. Nilibaki pale magoti yakigongana na ulimi umegandamana na kaakaa, mpaka mwalimu akaja kunishika mkono na kuniteremsha. Tulipokuwa ndani ya basi tukirudi, hakuna aliyenisema wala kunitania. Kimya kile ndicho kilichoniuma zaidi. Niliapa moyoni kwamba sitapanda jukwaa tena maishani.

Na kiapo changu hicho kifuani, likizo ya Agosti nilipanda matatu Kebirigo nikaenda kukaa kwa mjomba wangu, Kisii mjini.

MZEE WA HADIWEA

Mjini Kisii kuna uwanja wa gofu wenye mashimo 9. Anayetaka kucheza mzunguko kamili wa mashimo 18 huuzunguka mara mbili. Kwa wasioujua mchezo huu, mchezaji huupiga mpira mdogo mgumu kwa fimbo, kutoka mahali pa kuanzia hadi autumbukize shimoni, na anayetumia mapigo machache kuliko wenzake ndiye mshindi. Pembezoni mwa kila shimo nyasi hukatwa zikawa fupi kama zulia. Pale panaitwa grini. Mchezaji huandamana na mtu wa kumbebea mfuko wa fimbo, ambaye huitwa kedi. Usidhani kedi ni punda wa kubebeshwa tu. Yeye humwambia mchezaji upepo unatoka wapi, mteremko unaelekea wapi na fimbo ipi inafaa. Mjomba amefanya kazi hiyo tangu sijazaliwa, nami likizo hiyo nilikuwa nikimfuata nyuma kama mkia.

Mjomba alikuwa akimbebea mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Makedi humwita Mzee wa Hadiwea, nami nitamwita hivyo hivyo, kwa kuwa si adabu kuliandika jina la mtu mzima jaridani. Mzee huyu ni mchezaji wa ridhaa. Halipwi chochote, hucheza kwa kupenda.

Basi, siku za kazi alikuwa akija asubuhi na mapema kufanya mazoezi, nyasi zikiwa bado na umande. Mpira ulio mita 1 kutoka shimoni alikuwa hakosi. Unapigwa, unatumbukia, "kop!", anauokota. Lakini Jumamosi ya mashindano, watu wakiwa wamesimama ukingoni kimya, mkono wake ulikuwa ukiruka kama ulioumwa na siafu. Mpira unapita kando ya shimo. Nilimwona kwa macho yangu akikosa mita 1 mara 3 katika mzunguko mmoja. Kedi mmoja alinong'ona ati wapinzani wamemfanyia dawa. Mwingine akasema ni jicho baya. Mjomba akawaambia, "Acheni hayo. Mkono ni mzima. Kilichoshikwa ni moyo."

Jioni ile mvua ya Kisii ilitunyeshea kama kawaida yake, sote tukajibanza chini ya paa. Mzee akamwambia Mjomba, "Ndugu yangu, tafuta mtu wa kuzinunua hizi fimbo. Mimi basi." Nilimtazama nikajiona mwenyewe. Mtu mzima mwenye mvi alikuwa akila kiapo kile kile nilichokula mimi ndani ya basi.

Fimbo hazikuuzwa. Binti yake, ambaye ni muuguzi, alimshauri aende Kisumu kumwona mtaalamu wa saikolojia. Mwanzoni Mzee alikasirika. "Kwani mimi ni mwendawazimu?" Hili ndilo kosa letu wengi. Tukisikia tiba ya nafsi tunafikiria Mathari tu, ile hospitali ya Nairobi. Mwishowe alikubali, akaenda mara 8. Alikuwa akiandika mambo yote katika daftari, na nilipomwomba anieleze, hakuninyima. Mengine nimeyasoma katika vitabu alivyoniazima mwalimu wetu wa ushauri nasaha. Haya ndiyo niliyoyapata.

WAHAKA NI NINI?

Wataalamu huuita woga wa namna hii wahaka wa kutenda mbele ya watu. Si ugonjwa wa waoga. Huwapata waimbaji, wahubiri, walimu wapya, watahiniwa na wachezaji hodari.

Unapoona hatari, tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, damu hukimbilia misuli mikubwa ya mapaja na mikono. Vidole hupoa, kinywa hukauka na tumbo huchafuka. Yote hayo yana maana. Mababu zetu walipokutana na chui njiani walihitaji kukimbia au kupigana, na mwili uliwaandaa kwa moja kati ya hayo mawili. Taabu ni kwamba mwili hautofautishi chui na kikombe cha mashindano. Mzee wa Hadiwea akiinama kuusukuma mpira taratibu, mwili wake umemwandalia mikono ya kupigana na chui. Mikono hiyo utaisukumaje taratibu?

Hata hivyo, msifikiri kwamba hofu yote ni mbaya. Mwaka 1908 wataalamu wawili wa Marekani, Yerkes na Dodson, walifanya majaribio na panya, na kutokana na kazi yao tulijifunza kwamba msisimko wa kadiri husaidia kazi, ila ukizidi mno huiharibu, hasa kazi ngumu. Sisi Abagusii tuna mfano mzuri zaidi kuliko panya. Tazameni obokano, ule uzeze wetu mkubwa wa nyuzi 8. Uzi ukilegea hautoi sauti. Ukikazwa kupita kiasi unakatika. Mpigaji hodari hatupi nyuzi, anajua tu kuzikaza kwa kadiri yake. Tiba ya nafsi haikusudii kumwondolea mtu hofu yote. Inamfundisha kuukaza uzi kwa kadiri.

KWA NINI GOFU?

Nilimwuliza Mjomba mbona wacheza kandanda hawatetemeki hivi. Akacheka, akaniambia nihesabu. Mzunguko wa mashimo 18 huchukua kama saa 4. Tuseme mchezaji ametumia mapigo 90, na kila pigo ni sekunde 2 hivi. Nikapiga hesabu: sekunde 180, yaani dakika 3! Sasa hizo saa nyingine zote anafanya nini? Anatembea, anangoja na anawaza. Katika kandanda mpira unakujia, unaupiga kabla hofu haijaamka. Katika gofu mpira umelala pale chini, unakutazama, unakungoja. Ndiyo maana hata katika kandanda hofu huonekana zaidi kwenye mkwaju wa penalti, manake pale nako mpira unangoja.

Hata mabingwa huyumba. Mwaka 1999, katika mashindano makuu ya Open huko Carnoustie, Uskoti, Mfaransa Jean van de Velde alifika shimo la mwisho akiongoza kwa mapigo 3. Angetumia mapigo 6 angekuwa bingwa. Alitumia 7, akaingia katika mchezo wa ziada, na kombe likaenda kwa Paul Lawrie. Watu wanabishana hadi leo kama ilikuwa ni hofu au uamuzi mbaya, lakini hakuna anayesema hakujua kucheza. Ustadi ni kitu kimoja, na kuutoa ustadi huo siku unapohitajika ni kitu kingine.

Kuna na jambo la ajabu zaidi. Mtu akishikwa na hofu huanza kujichunga: "Kiwiko kiko sawa? Kidole je?" Mwaka 2002 mtafiti wa Marekani Sian Beilock na wenzake walichapisha majaribio yao juu ya wacheza gofu. Waliwataka wachezaji wazoefu wafikirie kila hatua ya pigo lao, na wazoefu hao wakapiga vibaya zaidi kuliko walipopewa kazi nyingine ya kuwashughulisha akili. Mwanagenzi yeye husaidika akifikiria hatua, lakini fundi huharibikiwa. Nilipoyasoma haya nilimkumbuka nyanya yangu. Yeye hutoka kisimani na mtungi kichwani, haushiki, na huku anasimulia habari za harusi ya juzi. Mwulize ghafla, "Nyanya, shingo umeiwekaje?" Uone kama hautamwagika.

DAWA ZISIZO DAWA

Kabla ya kueleza tiba yenyewe, nitaje zile dawa ambazo Mzee alizijaribu bila kufaulu. Ya kwanza ni "jikaze!" Hii tunaijua sote, walimu wetu wapendwa mtanisamehe. Kumwambia mtu anayetetemeka ajikaze ni kumwongezea mkazo aliye na mkazo tayari. Ya pili ni pombe. Mzee alijaribu bia moja kabla ya mchezo, kisha mbili, mpaka mama watoto akaanza kuuliza maswali. Pombe huiweka hofu kando kwa muda, kesho inarudi na ndugu zake. Ya tatu ni vidonge. Ziko dawa ziitwazo beta-bloka, ambazo madaktari huwapa wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu. Hupunguza mapigo ya moyo na mtetemo. Kuzimeza bila daktari ni hatari, na tena WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa haramu michezoni, limezipiga marufuku katika mashindano ya gofu.

Ya nne ni kukimbia. Hii ndiyo tamu kuliko zote na ndiyo mbaya kuliko zote. Ukiahirisha shindano, unajisikia nafuu papo hapo. Lakini nafuu hiyo ni ujira unaoilipa hofu yako, na mfanyakazi akilipwa vizuri harudi tena kazini? Atarudi, tena mapema.

TIBA YENYEWE

Mtaalamu wa Kisumu hakumpa Mzee hirizi wala sindano. Alimpa kazi ya nyumbani, kama mwalimu.

Kwanza, kuulegeza mwili. Daktari wa Marekani Edmund Jacobson aliandika kitabu mwaka 1929 akieleza jinsi ya kulegeza misuli kwa zamu. Unakunja ngumi kwa nguvu sekunde chache, kisha unaiachia na kusikiliza jinsi inavyolegea. Halafu mabega, uso, tumbo, miguu. Anayejua mkazo unavyohisika ndiye anayeweza kuuachia. Pamoja na hayo Mzee alifundishwa kupumua kwa tumbo. Avute pumzi taratibu akihesabu hadi 4, aitoe akihesabu hadi 6. Pumzi ya kutoka ikiwa ndefu, moyo hupunguza mbio. Lakini sharti ufanye kila siku ukiwa mtulivu. Huwezi kujifunza kuogelea siku mtumbwi unapozama.

Pili, kuyashtaki mawazo. Katika miaka ya 1960 daktari mwingine wa Marekani, Aaron Beck, aligundua kwamba wagonjwa wake walikuwa na mawazo yanayopita akilini upesi upesi bila kuhojiwa, nao waliyaamini yote. Akaanzisha tiba ya kuyahoji. Katika daftari la Mzee niliona safu tatu. Safu ya kwanza ni wazo: "Nikikosa, watu wote watanidharau." Ya pili ni ushahidi. Je, ulipokosa Jumamosi iliyopita, nani aliacha kuja dukani kwako? Hakuna. Nani alikosa pia siku ile? Karibu wote. Ya tatu ni jibu la haki: "Nikikosa nitaudhika, lakini Jumatatu watu watakuja kununua misumari kama kawaida." Angalieni, hakuandika "Sitakosa kamwe." Huo ungekuwa uongo, na moyo haudanganyiki.

Tatu, kupanda ngazi. Hii ndiyo niliyoipenda zaidi, na ilianzia hapa hapa Afrika. Joseph Wolpe, daktari wa Afrika Kusini, alichapisha kitabu mwaka 1958 kuhusu kuizoesha nafsi hofu yake kidogo kidogo, kuanzia ile ndogo kabisa. Haba na haba hujaza kibaba. Mzee aliandika ngazi yake hivi: mita 1 akiwa peke yake; mita 1 mbele ya Mjomba; mbele ya makedi wawili; mbele ya makedi kumi wakipiga soga; kisha mbele ya hao hao kumi, kwa sharti kwamba akikosa atawanunulia wote chai na mandazi; halafu mchezo mdogo na marafiki; mwisho Jumamosi ya mashindano. Sheria ni mbili tu. Usiruke ngazi, na usishuke mbio hofu inapopanda. Ngoja papo hapo mpaka ipungue yenyewe, maana hofu ikikosa mtu wa kuifukuza huchoka. Wiki ile ya chai na mandazi, wee, makedi walishiba! Wiki iliyofuata walirudi wakapiga miayo. Mzee alikuwa hakosi tena.

Nne, kuwa na utaratibu mmoja. Kila pigo, liwe la mazoezi au la fainali, Mzee hulifanya kwa namna moja. Anasimama nyuma ya mpira, analitazama shimo, anatoa pumzi moja ndefu, anajiambia "taratibu", anaweka miguu, anapiga. Hafikirii kiwiko. Jicho na wazo viko shimoni. Utaratibu huu unaijaza ile nafasi ya kungoja ambamo hofu huingilia, kama vile mgeni mbaya anavyokosa kiti akikuta vyote vimekaliwa.

Tano, kuibadilishia hofu jina. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba watu waliojiambia wana msisimko na hamu walifanya vizuri zaidi katika kuimba, kuhutubia na hata katika hisabati kuliko waliojilazimisha kutulia. Sababu yake ni nyepesi. Moyo unaokwenda mbio kwa hofu na unaokwenda mbio kwa hamu ni moyo ule ule. Kuuambia utulie ghafla ni kumsimamisha fahali kwa mkia. Afadhali umwongoze aelekee shambani.

NILIYOYAONA DESEMBA

Nilirudi Kisii likizo ya Desemba. Jumamosi moja ya mashindano Mzee alifika shimo la mwisho akihitaji mita 1 kumaliza vizuri. Watu walinyamaza. Nikamwona akitoa pumzi, midomo ikasema "taratibu". Akapiga. Mpira ukazunguka ukingo wa shimo ukatoka nje! Roho yangu ikaanguka. Lakini Mzee alicheka, akautumbukiza, akamkabidhi Mjomba fimbo na kusema, "Pigo lilikuwa zuri. Shimo lilikataa." Alimaliza wa nne. Hakwenda kunywa, wala hakuzungumzia kuuza fimbo. Mjomba aliniambia usiku ule kwamba mtu aliyepona si yule asiyekosa, ni yule anayekosa kisha kesho akarudi.

Maneno hayo sikuyasahau. Januari nilipofungua shule nikiwa kidato cha tatu, nilichukua daftari nikachora ngazi yangu. Kughani mbele ya ng'ombe wetu. Mbele ya nyanya. Mbele ya wadogo zangu, ambao ni wakali kuliko majaji wowote. Mbele ya marafiki wawili njiani. Mbele ya darasa. Mbele ya shule nzima kwenye gwaride la asubuhi. Hapo kwenye gwaride nilikaa ngazi moja majuma matatu, sina haya kusema. Mara ya kwanza sauti ilitetemeka, kidato cha nne wakacheka, nami sikushuka.

Tamasha lilipofika mwaka huu nikapanda jukwaani tena. Je, sikuogopa? Niliogopa sana! Magoti yalianza wimbo wao wa zamani. Nilijiambia, "Hii ni hamu," nikatoa pumzi, nikaanza. Katika ubeti wa tatu mshororo mmoja uliniponyoka, pale pale ulipoponyoka mwaka jana. Nikanyamaza. Nikalitazama dirisha la nyuma ya ukumbi, nikatoa pumzi moja ndefu, na mshororo ukaja wenyewe ukitembea taratibu. Nikamaliza. Tulikuwa wa tatu, hatukuendelea ngazi ya juu. Lakini ndani ya basi wenzangu walinitania njia nzima, wakiniigiza jinsi nilivyolitazama lile dirisha kama ninayeangalia kama mvua inakuja. Sijawahi kufurahia utani kama siku hiyo.

MIPAKA NA NASAHA

Sipendi mniamini kupita kiasi, kwa hiyo nitaje na mipaka. Kwanza, tiba hii haimpi mtu ustadi asio nao. Asiyejua shairi, pumzi haitamkumbusha. Pili, si kila mtetemo ni wa hofu. Wako wacheza gofu ambao mkono hushtuka kwa sababu ya hitilafu ya mishipa ya fahamu na misuli, na hao wanahitaji daktari. Mjerumani Bernhard Langer alisumbuliwa miaka mingi na mshtuko wa mkono katika mapigo mafupi, akabadilisha namna ya kushika fimbo zaidi ya mara moja, na bado alishinda mashindano ya Masters huko Marekani mwaka 1985 na 1993. Tatu, hofu ikikunyima usingizi na chakula, au ikikufanya ukwepe shule, usijitibu kwa makala ya mwanafunzi mwenzako. Mwone mwalimu wa ushauri nasaha, mwambie mzazi, au nenda hospitali. Kwenda huko si wazimu, kama vile kumwona daktari wa meno si kukosa meno.

Kwenu walimu wetu, kwa heshima na taadhima, nina ombi moja. Mwanafunzi akinyamaza mbele ya darasa, msiseme upesi kwamba hakusoma. Huenda anayajua yote, ila amekutana na chui. Mpeni ngazi ya chini kwanza. Na kwenu wanafunzi wenzangu, mnaokaa nyuma ya darasa ili msiulizwe, mnaougua tumbo kila siku ya mjadala, nanyi mtihani wa kidato cha nne unawangoja kama ule mpira ulivyolala kwenye grini: anzeni leo na ng'ombe wenu. Hatacheka.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Siwapingi wazee, walikuwa wakisema juu ya vita. Lakini siku hizi nadhani shujaa ni mwoga aliyepanda ngazi moja. Mzee wa Hadiwea bado anacheza kila Jumamosi, Mjomba bado anambebea, nami nimeandikisha jina langu kwa tamasha la mwakani.

Wasomaji wenzangu, hadi toleo lijalo, kwaherini.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu